Kidonge cha Mchana

Kama ulikatwa utumbo mpana ukashonewa kifuko ndani, na sasa tumbo limeanza tena mambo yake, nakuomba usome haya kabla hujameza kidonge cha jirani. Mimi nilikimeza. Sikufa, ndiyo maana unanisoma, lakini nusura nipoteze kitu nilichokililia miaka, na niliogopa kiasi kwamba hadi leo nikisikia kopo likianguka sakafuni moyo unanipasuka.

Udaktari siujui na sitajifanya naujua. Nitakueleza tu nilivyokaa, nilivyoogopa na nilivyojidanganya, maana kujidanganya ndiko kulikonifikisha pabaya.

Jina langu Zuhura. Miaka hiyo ya themanini niliishi Majengo, Pumwani, na mume wangu Salim, fundi wa masanduku ya bati, yale ambayo watoto wa bweni huenda nayo shule. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati. Mama mkwe wangu, Bi Hadija, alikaa chumba kilichotazamana na chetu. Nyuma uani kulikuwa na mfereji mmoja, bafu moja na choo kimoja cha watu wote. Kila mtu alienda chooni na kopo lake la maji mkononi, kwa hiyo hakukuwa na siri. Langu lilikuwa la bluu, na ukilibeba mara nyingi kwa siku, mtu aliyekaa akichambua mchele ataliona kila mara likipita.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa vidonda katika utumbo mpana. Miaka mitatu nilihara damu, na miaka mitatu niliambiwa ni amiba. Kwetu mtu akishika tumbo tu, hata hajasema neno, ameshapewa amiba yake. Nilimeza dawa za amiba za kila rangi. Nilipofika mikononi mwa daktari aliyejua ni nini, nilikuwa nimebaki shingo na macho, na utumbo wenyewe haukuwa wa kuokoa tena.

Daktari huyo alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, kazi yake ameisomea ng'ambo. Alinichorea nyuma ya bahasha. Utumbo mpana utatoka wote, akasema, kisha mwisho wa utumbo mwembamba utakunjwa na kushonwa uwe kifuko chenye umbo la herufi J, cha kutunzia choo badala ya ule uliotolewa. Lakini kifuko kingehitaji kupona kwanza. Kwa miezi kadhaa choo kingetoka kwa tundu tumboni, upande wa kulia, na kuingia kwenye mfuko wa plastiki uliobandikwa kwenye ngozi. Baadaye wangeliziba tundu na mfuko ungetupwa.

Miezi ile ya mfuko sitaki kuirudia sana. Gundi iliniunguza ngozi. Jua likiwaka mfuko ulibanduka, na uliwahi kubanduka nikiwa harusini. Nilijipaka marashi mpaka Salim akasema nanukia maulidi nzima, tukacheka, kisha mimi nikalia. Ramadhani ilikuja nikiwa hivyo. Sikufunga. Bi Hadija aliwaambia wageni wake kwa sauti ya kutosha, "Huyu wetu amesamehewa." Neno zuri, wala hakukosea, lakini lilinichoma. Tena siku nyingine nilimsikia akimwambia dada yake, "Salim bado kijana. Mtu wa mfuko kweli ataweza kukaa na mume?" Nilikuwa nyuma ya pazia na sahani ya tende mkononi. Nilirudi nayo chumbani.

Baada ya Idi nikapasuliwa mara ya pili, tundu likazibwa. Mvua za vuli zilipoanza nilikuwa nakwenda choo mara sita kwa siku. Mwenye utumbo wake atashtuka akisikia sita, lakini mimi nilikuwa nimefika peponi. Nilienda sokoni Gikomba. Nilivaa gauni la kubana kiuno.

Siku ya kuniruhusu, daktari aliniambia ninywe maji mengi na nisiogope chumvi, kwa kuwa utumbo unaohifadhi maji ya mwili sina tena. Kisha akasema, "Namba yako ni sita. Ijue. Ikipanda na ikikaa juu, ama uone damu, ama homa, usingoje siku ya kliniki. Kuja siku hiyo hiyo. Hicho kifuko wakati mwingine huwaka ndani. Tukikishika mapema tunakitibu na dawa. Ukikiacha kiharibike, pengine itabidi tukitoe."

"Kikitolewa?"

"Unarudi kwa mfuko. Na huo utakuwa wa maisha."

Yote aliyosema kabla ya hapo yalinitoka. Nilibaki na neno moja tu, maisha.

Ilikuwa Shaabani, masika yamekolea, uani matope mpaka kwenye vifundo vya miguu, namba ilipoanza kupanda. Nane. Nikasema ni maharagwe. Kumi. Nikasema ni baridi. Ilipofika kumi na tatu sikuwa na cha kusingizia. Haja ilinishika ghafla bila kunipa nafasi ya kutafuta viatu. Tumbo chini ya kitovu lilikaza na kuachia, likakaza na kuachia. Viungo viliniuma kama nimefua shuka za nyumba nzima. Nilianza kulala na taulo chini yangu, na nikaifua mwenyewe alfajiri kabla watu hawajatoka.

Nakwambia kweli, niliogopa. Niliwaza kwamba vidonda vimerudi. Halafu nikakumbuka kwamba utumbo wenyewe ulishatupwa, nikajiuliza sasa vimerudi wapi, na swali hilo likanitia hofu zaidi. Kwenda hospitali sikutaka hata kusikia. Akilini mwangu hospitali ndiko kulikokaa mkasi. Nikienda, daktari atakitoa kifuko, nitarudi na mfuko, na Bi Hadija ataanza tena mazungumzo yake na dada yake.

Wa kwanza kusema kitu alikuwa Mama Wairimu, jirani wa chumba cha mwisho, aliyekuwa akiuza viazi Gikomba. Alinisimamisha kwenye mfereji.

"Zuhura, hiyo kopo leo imepita mara ngapi? Mimi nimehesabu tano na sijamaliza kuosha sufuria."

"Tumbo tu, Mama Wairimu."

"Hiyo si tumbo tu. Hiyo ni amiba. Mzee wangu ilimshika hivyo hivyo, karibu imalize yeye. Kuna dawa ilibaki, wacha nikuletee."

Akaniletea vidonge vimefungwa katika karatasi ya gazeti. Moja asubuhi, moja mchana, moja jioni, akasema, na usile pilipili. Nilifungua kile kikaratasi nikatamani kumbusu. Amiba! Nilikuwa nimeichukia amiba miaka mitatu, na siku ile niliipokea kwa mikono miwili. Amiba haina mkasi. Amiba ni ya kila mtu.

Vidonge vilikuwa vichungu, na mdomo wote ukawa na ladha ya shaba, hata chai nilihisi imechemshwa na misumari ya Salim. Lakini siku ya tatu namba ilikuwa saba, na maumivu yamekwisha. Nilimwambia Mama Wairimu kwamba yeye ndiye daktari wangu, akacheka mpaka akashika ukuta.

Jioni iliyofuata mwezi wa Ramadhani ukaandama.

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu. Kufunga na kumeza kidonge mchana haviendi pamoja. Nilijua mgonjwa hafungi, nilifundishwa chuo cha Kurani nikiwa mdogo na ningeweza kukusomea aya. Lakini mwaka uliopita nilikuwa nimesamehewa, na mwaka huu nilitaka kuhesabiwa na watu. Nilijiambia mimi si mgonjwa, namba ni saba, amiba imekufa. Nikaacha kidonge cha mchana. Kesho yake nikaacha vyote, nikakifunga kikaratasi na kukitia ndani ya foronya.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Nilikaanga sambusa za nyumba nzima. Wakati wa futari Bi Hadija aliniwekea tende ya kwanza kiganjani kwa mkono wake mwenyewe, akawaambia wageni wale wale, "Mkwe wangu amefunga. Mwacheni aanze yeye." Sikumbuki kama nimewahi kula tende tamu kuliko ile.

Siku ya nane nikaona damu. Kidogo, nyekundu, juu ya jiwe la choo. Niliimwagia maji upesi kabla sijaitazama vizuri, kana kwamba kutoiona kungeiondoa. Siku ya tisa nilikwenda mara kumi na nane. Nilikauka. Ulimi ulinata, misuli ya miguu ikajikunja hata nikauma leso nisipige kelele, na mkojo ukawa mchache na mweusi kama chai ya turungi. Jioni baada ya futari nilimeza kidonge kimoja kwa siri. Siku ya kumi vilevile. Homa ilikuja na kutetemeka. Salim aliniwekea mkono kwenye paji.

"Zu, uko moto. Kesho usifunge, na twende kwa daktari."

"Ni joto la jikoni."

"Jiko lenyewe limezimwa saa ngapi?"

Nikageukia ukutani. Sikuwahi kumdanganya Salim kabla ya hapo.

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, nilikuwa nasubiri mlangoni mwa choo, kopo mkononi, na ndani kuna mtu. Nilibisha. Nikabisha tena. Halafu ukuta ukaanza kuinama. Kitu cha mwisho nilichosikia ni kopo likigonga saruji na Mama Wairimu akipiga kelele, "Mama Salim! Kuja, msichana ameanguka!"

Salim aliitwa kutoka kwenye bati zake, tukaenda hospitali. Tulikaa kwenye benchi refu la mbao, mbele yetu mlango wa kijani uliofunguka na kufungwa bila kuita jina langu. Salim alikuwa na vumbi la chuma kwenye kucha. Nilimwambia, kwa sauti iliyokuwa imebaki, kwamba watakitoa kifuko, na kwamba akitaka kuoa mwingine nitaelewa. Alinikazia macho kana kwamba nimemtukana.

"Hata mfuko, Zu. Hata mifuko kumi. Mimi nataka turudi nyumbani wawili."

Ningetaka kukwambia kwamba maneno yale yalinitoa hofu. Hayakuitoa. Lakini nilipata pa kuegemea kichwa.

Ndani nililazwa na kuwekewa maji ya mshipa, chupa baada ya chupa. Sista Wambui, aliyenifundisha kubandika mfuko enzi zile, alinifuta uso kwa kitambaa baridi, akanisema huku akinifuta. "Wewe si ulikuwa unajua? Si tulikwambia usingoje?" Nikalia bila machozi, maana maji ya kutoa machozi hayakuwepo. Choo changu kikapelekwa maabara. Daktari aliingiza bomba lenye taa, taratibu, akinieleza kila hatua, nami nikatazama dari na kuhesabu misumari. Akachukua vipande vidogo vya kupimwa. Alipomaliza akavua glavu.

"Ndani ni kwekundu," akasema, "na kunatoka damu nikigusa. Inaweza kuwa wadudu wa kawaida. Inaweza kuwa ile niliyokwambia, kifuko chenyewe kimewaka. Inaitwa pauchaitisi. Lakini kuna kitu sielewi. Kuna mahali kumewaka sana na mahali kama kulishaanza kupona. Umemeza dawa yoyote?"

"Hapana," nikasema.

Usiniulize kwa nini. Niliona nikisema nimemeza dawa ya watu na kufunga juu yake, atasema kifuko nimekiharibu mwenyewe, na aliyekiharibu hana haki ya kukiombea. Daktari akaandika. Akasema tusubiri majibu, halafu tutajua kama kuna haja ya kuzungumza juu ya upasuaji. Neno lile akalisema kwa upole, lakini alilisema.

Asubuhi iliyofuata Bi Hadija aliingia wodini. Hakuja kwa saa za kuona wagonjwa, na sijui alimwambia nini askari wa mlangoni. Alisimama mbele ya daktari, leso mbili mwilini, akafungua pindo la moja na kutoa kikaratasi cha gazeti.

"Nilikuwa nafua shuka zake," akasema. "Nimekuta hii ndani ya foronya. Daktari, huyu mtoto amekudanganya." Akalifunga tena pindo la leso. "Na mimi nimo. Nilimwona anakauka, nikakaa kimya kwa sababu nilipenda kuwaambia watu mkwe wangu amefunga."

Nilifunika uso kwa shuka. Nilingoja ngurumo.

Daktari alikimimina kikaratasi kiganjani, akageuza kidonge kimoja, akasoma herufi zake. Akavuta kiti akaketi, na tangu nimjue sikuwa nimemwona akiketi.

"Zuhura, toa hiyo shuka. Hii dawa ulipomeza ulisikia aje?"

"Nilipona," nikasema kutoka ndani ya shuka. "Siku tatu. Kabisa."

"Na ulipoacha?"

"Ikarudi."

"Na sasa, hiki kimoja cha jioni?"

"Inapungua kidogo, halafu inarudi tena."

Akashusha pumzi, na nikaona kumbe na yeye alikuwa ameibana. "Umenipa habari njema na hujui. Maabara hawajaona amiba. Lakini dawa hii ya amiba ndiyo hiyo hiyo tunapea watu kifuko kikiwaka. Siwezi kuapa mpaka vipande virudi, lakini kama kilikuwa kinasikia dawa, basi kitasikia tena. Ile ulifanya ni kukionjesha halafu ukakinyang'anya. Sasa utameza wiki mbili. Asubuhi, mchana, jioni. Usiruke hata moja."

"Na upasuaji?"

"Leo hatuzungumzii upasuaji."

Bi Hadija akauliza, polepole, "Mchana pia?"

"Mchana pia, mama. Na maji siku nzima, na chumvi na sukari ndani. Huyu hana ruhusa ya kukaa kiu. Si mwaka huu tu."

Nilimeza. Ladha ya shaba ikarudi, kichefuchefu kikaja nayo, na kila asubuhi niliamka nikijipapasa tumbo kwanza. Kumi na tano. Kumi na mbili. Siku ya nne hakukuwa na damu, na nilikaa pale chooni nikitazama jiwe tupu hadi sista akabisha mlango kuuliza kama niko hai. Vipande viliporudi vilikubaliana na daktari. Nikaruhusiwa, lakini hofu haikuruhusiwa nami. Ilinifuata nyumbani, na bado huja. Miezi ya baridi, Julai, namba ilipanda tena, nami nikaenda hospitali kesho yake asubuhi, jina la dawa nimeandikiwa kwenye kadi. Sikumeza kitu mpaka waliponipima. Ikazimwa kwa wiki mbili. Iliwaka tena baada ya mwaka. Kifuko ninacho.

Kwa hiyo ijue namba yako. Ikipanda, nenda, hata kama magoti hayataki. Na ukiulizwa umemeza nini, sema, hata kama ni cha jirani, hata kama unaona haya. Mama Wairimu, Mungu ambariki, alibahatisha dawa, lakini hakujua anatibu nini, na mimi ninayejua nilikuwa na kifuko nilimwachia yeye kazi hiyo.

Mchana mmoja bado unanirudia. Ilikuwa siku ya pili tangu nirudi nyumbani, Ramadhani zimebaki chache. Adhuhuri ilifika, saa ya kidonge. Uani watu wamejaa, wengine wanachambua mchele, wengine wanakuna nazi, wote midomo mikavu. Niliingia chumbani na kufunga mlango ili ninywe maji kwa siri, nikiwa nimeinama kona ya kitanda kama mwizi.

Bi Hadija akabisha.

"Toka nje, Zuhura."

"Mama, nakunywa dawa."

"Najua unakunywa dawa. Toka."

Nilitoka. Alikuwa ametandika mkeka katikati ya uani, penye mwanga, na juu yake ameweka gilasi ya maji, kubwa, ile ya wageni. Watu waliacha kukuna. Midomo yake mwenyewe ilikuwa imepasuka kwa saumu. Akaketi kando ya gilasi, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Kaa hapa. Mwenye macho aone."

Nikakaa. Nikaweka kidonge ulimini, nikanywa. Maji mengine yakanimwagikia kifuani. Alinitazama mpaka gilasi ikaisha, kisha akainama karibu na sikio langu.

"Tangu jana mchana mara ngapi?"

"Saba, Mama."

"Jana ilikuwa tisa," akasema, akachukua gilasi akaenda kuijaza tena.